Jumapili moja, watoto watatu na goti la bibi

MUULIZE BI MWALIMU
Mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, Tanga, anajibu barua zenu

*Bi Mwalimu, shikamoo. Tumehamia Tanga tangu Januari kwa uhamisho wa baba watoto, tunakaa Chumbageni. Nina watoto watatu: wa kike miaka 13, wa kiume miaka 8, na kitinda mimba miaka 3. Mama mkwe tunaye, goti linamsumbua. Mume wangu anapumzika Jumapili tu, na gari hatuna. Tumejibana tumepata laki moja na nusu ya kutoka na watoto siku moja. Mkubwa anataka Lushoto, ameona picha za Irente kwenye simu ya rafiki yake. Wa kiume anataka mapango ya Amboni. Baba yao kasimuliwa kazini habari za kisiwa cha Maziwe. Mimi nataka tu siku ipite bila mtu kulia. Twende wapi? – Mama wa Watatu, Chumbageni*

Marahaba mwanangu, na karibuni. Kwetu tunasema Tanga waja leo waondoka leo, na ninao majirani waliokuja kuondoka leo hiyohiyo, sasa wanaoza wajukuu hapa. Basi msiwe na haraka. Jumapili ziko nyingi.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Wanne mmetaja mnachotaka, hata wewe. Wawili hawakuulizwa: wa miaka mitatu na bibi mwenye goti. Na hao wawili, mwanangu, ndio watakaoamua siku yenu inaishia saa ngapi, mpende msipende. Siku ya kutoka na watoto haipimwi kwa miguu ya anayekimbia. Hupimwa kwa miguu ya anayebebwa.

Nilijifunza kwa aibu. Mwaka mmoja nilikuwa na darasa la tano, watoto arobaini na kitu, nikaandika ratiba kwa kalamu ya rangi mbili: asubuhi Amboni, saa tano chemchemi za Galanos, saa nane magofu ya Tongoni, jioni Pangani kuuona mto unavyoingia baharini. Mwalimu mkuu aliipenda, akaisaini palepale. Siku yenyewe, basi tulilokodi lilichelewa saa nzima. Galanos tulikaa dakika kumi, watoto wamekaza pua kwa ile harufu ya yai bovu. Tongoni nikawa naeleza historia huku nusu ya darasa wamelala kwenye kivuli cha makaburi. Pangani tulifika giza limeingia, mto hatukuuona, tuliusikia. Kesho yake nikawaambia waandike insha. Mmoja aliandika ukurasa mzima juu ya embe alilokula ndani ya basi.

Kwa hiyo chagueni mahali pamoja tu. Hata kama njiani mtapita karibu na pengine, piteni.

Sasa tuanze kupunguza. Lushoto itoe kwanza, na mwambie binti kwa nini, asidhani amepuuzwa. Kutoka hapa mjini hadi Mombo ni safari, na Mombo kupanda Lushoto ni kilomita 33 za kona juu ya kona, mlima mkono huu na bonde mkono ule. Mtoto wa miaka mitatu atatapika kabla ya nusu ya njia, na bibi goti litakuwa limekaza kama mlango wa mvua. Mtakaa kwenye basi muda mrefu kuliko mtakaokaa Lushoto. Halafu hapo Irente penyewe ni mwamba, na mbele ya mwamba ni genge. Anayepiga picha anaona uwanda wote wa chini hadi macho yachoke. Mama mwenye mtoto mdogo haoni uwanda, anaona ukosi wa shati la mtoto wake, ameung'ang'ania. Lushoto ni ya kulala siku mbili. Wekeni akiba ya Desemba.

Maziwe na hiyo muache baba asubiri. Wazee wa Pangani wanakikumbuka kikiwa na miti. Sasa ni fungu la mchanga katikati ya bahari, eneo la hifadhi tangu 1975, zuri ajabu, samaki wa rangi zote chini ya maji. Lakini kivuli hakuna ila mtakachobeba wenyewe, na bahari ikijaa hasa, fungu lote linazama. Saa ya kwenda na kurudi inapangwa na kupwa na kujaa, nahodha anawaambia tu. Kama siku hiyo maji yanapwa saa nane, basi ni saa nane, awe mtoto amelala au hajalala. Na bibi apande na kushuka mashua majini na goti lile? Hapana.

Imebaki Amboni. Kijana wa miaka minane ameshinda, ila asitambe, ameshinda kwa sababu ya ukaribu. Ni kama kilomita nane kutoka mjini, barabara ya Horohoro. Mnapanda daladala, mnashuka barabarani, halafu bajaji iwaingize Kiomoni hadi mlangoni. Hapo msimtembeze bibi kwa kuokoa elfu mbili.

Mtoke nyumbani saa mbili, saa tatu muwe mlangoni, kabla jua halijakasirika. Wote kwa pamoja msiingie. Nje kuna miti mikubwa na hewa ya mto Mkulumuzi. Tandikeni mkeka, bibi akae na mdogo na kapu la chakula. Baba aingie na wakubwa wawili na kiongozi wa wageni. Wakitoka, ingia wewe na baba abaki. Ukimshurutisha wa miaka mitatu kuingia atalia kuanzia hatua ya kumi, na kilio ndani ya pango kinarudi mara tatu.

Viatu viwe vya kufunika, kandambili zinateleza. Kila mtoto awe na tochi yake, hata ile ndogo ya dukani, maana tochi ya simu inamaliza chaji na simu mtaihitaji: malipo kwenye vivutio vya serikali siku hizi ni ya kontroo namba, kwa hiyo simu iwe na salio. Nguo ziwe zile ambazo hutazililia. Ndani wanaishi popo, na popo hawana choo. Kuna sehemu baba atainama, kuna sehemu atatambaa. Kama ana kitambi, watoto watafurahi zaidi.

Ni mapango ya mawe ya chokaa, yamechongwa na maji kwa miaka mingi sana, na kiongozi atawaonyesha mwamba wenye sura ya hiki na mwamba wenye sura ya kile. Mwingine wataona, mwingine wataitikia kwa adabu tu. Atawaambia pia kwamba njia moja inatokea Mombasa na nyingine Kilimanjaro. Hayo ni masimulizi, lakini msimkatize, nusu ya utamu wa Amboni ni hayo. Kuna mahali watu huenda kuomba mizimu. Mtakuta chupa za marashi, vitambaa, mishumaa iliyoisha. Zungumza na watoto kabla: hakishikwi kitu, hachekwi mtu. Na mwambie mama mkwe mapema kwamba mahali hapo papo. Kuna bibi atakayetaka kujua zaidi, na kuna bibi atakayekasirika kwamba wajukuu wamepelekwa kwa mizimu siku ya Jumapili. Wako simjui.

Halafu mwombeni kiongozi jambo moja. Mkifika ndani kabisa, wote mzime tochi. Mimi nilikuwa nafanya hivyo kila nikipeleka darasa. Giza la pango si kama la usiku, usiku una hata nyota. Pale unaweka kiganja mbele ya pua hukioni. Watoto arobaini wakanyamaza, kitu ambacho darasani sikuwahi kukipata. Kisha sauti moja ndogo ikauliza: "Bi Mwalimu, macho yangu yako wazi?" Nikamwambia ajishike ajue. Yule mtoto sasa ana watoto wake, na tukikutana sokoni Mgandini ananiuliza swali lilelile kunitania.

Kabla ya saa saba mtakuwa mmeshamaliza. Kuleni hapohapo: chapati, mayai ya kuchemsha, viazi karai, machungwa ya Muheza, na maji mengi kuliko mnavyodhani. Msibebe wali wa nazi, joto hili litauchachisha. Baada ya kula mtu atasema, "Kwa vile tupo huku, twende na Galanos." Mtu huyo huwa ni baba. Mkatalie. Rudini nyumbani wakati watoto bado wanataka kubaki.

Kwa hesabu yako ya laki na nusu mtatoka na chenji. Elfu thelathini ifunge kwenye kitambaa pembeni, ya bajaji ya dharura, usiiguse. Pesa iliyobaki mpe yule binti wa miaka 13 aishike yeye, alipe nauli, adai chenji, aandike. Mtoto aliyenyimwa chaguo lake mpe kazi yenye heshima. Darasani nilikuwa namkabidhi mnung'unikaji daftari la mahudhurio, ananyooka.

Na ahadi yake ya pili iwe Tongoni, Jumapili nyingine, barabara ya Pangani. Umri wake ndio umri wa Tongoni. Wadogo wataona mawe tu. Yeye mwonyeshe msikiti wa kale uliobaki kuta na makaburi yenye minara, mingi imeanguka, kisha mwambie kwamba mwaka 1498 Vasco da Gama alipita pwani hii, na moja ya meli zake ikakwama fungu la mchanga upande huu. Walijinasua, lakini mwaka uliofuata, wakirudi kutoka Uhindi, mabaharia walikuwa wamekufa wengi kiasi kwamba hawakutosha kuendesha meli zote. Ile iliyokuwa imekwama wakaichoma wenyewe, hapahapa. Hilo atalisimulia shuleni, na ile picha ya Irente ya rafiki yake itapoa kidogo.

Ila kabla ya yote hayo, mwanangu, kamuulize mama mkwe. Kaa naye jioni, mkande hilo goti, muulize yeye angependa kwenda wapi. Huenda akataka kukaa tu Raskazone atazame maji yakipwa na wajukuu wakiokota makome. Akisema hivyo, chana jibu langu, nendeni Raskazone.

*Bi Mwalimu, mimi niko Muheza. Nataka kupeleka wanangu msitu wa Amani, mke wangu anasema tusubiri. Nani yuko sahihi? – Baba Mapacha*

Kama ni Machi hadi Mei, mkeo. Masika ikikolea, barabara ya kupanda ile inageuka uji, na mtakuwa mnasukuma gari badala ya kutazama msitu. Ngojeni Julai au Agosti, mbebe masweta, kule juu kuna baridi ya kweli. Bustani ya Amani ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, wakaleta miti kutoka kila pembe ya dunia kuijaribu. Wape mapacha kazi ya kunusa majani na kubahatisha mti wa kiungo gani. Usiahidi mnyama mkubwa. Ahidi kinyonga, na umwambie kiongozi mapema kwamba umeshaahidi.