Kifungo cha nyumbani Marekani: mwambie shemeji yako asipitie dukani

Mleta uzi, umeuliza kuhusu wageni, gharama na harusi ya Dallas, hayo nitayajibu baadaye. Ila umeandika kwamba shemeji yako wa Houston, aliyevishwa mguuni kidude cha kumfuatilia alipo akisubiri kesi ya mahakama ya shirikisho (ya serikali kuu ya Marekani), akitoka zamu ya usiku "atapitia dukani dakika tano tu". Mzuie leo leo. Mimi nilipitia dukani.

Kifungo hiki kina ngazi tatu. Ya kwanza unatakiwa uwe ndani saa fulani tu, mara nyingi usiku. Ya pili unakaa ndani muda wote, unatoka kwa kazi, shule, ibada, matibabu, wakili na mahakama, na kila safari iwe imekubaliwa kabla. Ya tatu ni ndani saa 24, isipokuwa matibabu, mahakama au jambo alilolikubali jaji mwenyewe.

Mimi nilikuwa ya pili. Jamaa mmoja wa msikitini aliyewahi kuvaa kidude hicho akaniambia, "We toka tu, ukirudi mpigie afisa anayekusimamia umweleze, wanaelewa." Kumbe yeye alikuwa ngazi ya kwanza! Mchana alikuwa anazurura atakavyo. Hilo hakulitaja, na mpaka leo nikikumbuka alivyoongea kwa uhakika damu inanichemka. Kama hujasoma masharti ya mwenzako, nyamaza!

Basi, natoka kazini alfajiri, mke wangu anapiga simu, mtoto anachemka homa. Duka la dawa liko njiani. Niko kwenye foleni, chupa ya dawa mkononi, nikasikia kidude kinatetemeka kwenye kifundo cha mguu. Chenyewe hakijui umeshika dawa ya mtoto au gunia la bangi. Kinajua muda wa kuwa nyumbani umepita na haupo. Nikalipa, nikakimbia. Dakika 22 jumla. Nilipofika nikampigia afisa kama nilivyofundishwa. Alikuwa ameshaandika ripoti.

Siku 11 mahabusu. Wakili alitoa risiti ya dawa, jaji akaiamini kabisa, kisha akauliza: ruhusa iko wapi? Sikuwa nayo. Nikarudishwa nyumbani kwa ngazi ya tatu, ambayo haina cha kwenda kazini. Ghala likaajiri mtu mwingine, mke wangu akabeba kodi peke yake miezi mitano.

Na msijidanganye kwamba miezi ya kukaa ndani na kidude itatolewa kwenye kifungo shemeji akihukumiwa. Mwaka 1995 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba muda ambao mtu alikaa kwenye kituo cha matibabu cha kijamii (si polisi wala jela) akiwa nje kwa dhamana, hata kwa masharti makali, hauhesabiki kama kifungo, sembuse nyumbani.

Ruhusa iwe ya maandishi, iwe mkononi, kabla hajavuka mlango. Mimi baada ya yale nilituma ujumbe, nikasubiri jibu, nikapiga picha ya skrini, ndipo nikavaa viatu. Hata kupeleka taka kwenye pipa la uwanjani niliomba. Nyumba ikifuka moshi atoke, lakini vingine vyote, mkate, mafuta ya gari, kinyozi, aombe kwanza. Na kidude akichaji kila siku bila kukosa, kikizima watadhani ametoroka.

Kwenu Dar ikiwa mchana, kule ni alfajiri. Anakaribia kutoka zamu. Mpigie kabla hajawasha gari.