Meza ya kuinulia pikipiki: maswali yenu

Nimemaliza kuchomelea meza yangu na jeki inainua pikipiki bila shida. Bado nahitaji pini ya usalama?

Unaihitaji, na usipitishe mkono chini ya meza hiyo kabla hujaiweka. Swali hili limeshanifikia mara nyingi mno, na mwulizaji hunieleza kila mara kwamba jeki yake ni imara. Jeki kazi yake ni kuinua. Kukaa na mzigo ni kazi nyingine. Ndani ya jeki, kinachozuia pikipiki isishuke ni sili ya mpira na kigololi kidogo cha vali. Chembe ya uchafu ikinasa chini ya kigololi, mafuta yanarudi polepole na meza inashuka nayo.

Meza yangu ya kwanza ilishuka hivyo. Nilikuwa nimechuchumaa nikifungua nati ya kumwagia oili, macho yangu yakiwa sawa na ukingo wa meza. Nilipogeuka kuchukua spana na kurudi, ukingo ulikuwa kwenye kidevu. Haikutoa mlio wowote. Goti langu lilikuwa chini yake.

Toboa vituo vitatu vya kimo kwenye fremu, upitishe pini ya chuma ya milimita 16 kutoka upande mmoja hadi wa pili, kisha ulegeze jeki mpaka meza ikalie pini. Hatua hiyo ya mwisho wengi wanairuka. Pini ambayo haijabeba uzito huwezi kujua kama imeingia sawasawa.

Jeki ya tani 2 inashindwa kuanza kuinua pikipiki ya kilo 200. Nikiipa msaada kidogo mwanzoni inapanda yenyewe. Nimeuziwa jeki mbovu?

Jeki yako ni nzima. Tatizo ni mikono ya meza, yaani vyuma vinavyosimama na kulala chini yake ili ipande na kushuka: imelala mno. Kama jeki inasukuma kwa mlalo, nguvu inayotakiwa ni uzito wote kugawanya kwa tanjenti ya pembe ya mikono. Chukua pikipiki kilo 200 na meza kilo 60, jumla 260. Mikono ikiwa nyuzi 5 tu kutoka sakafuni, jeki inatakiwa kusukuma karibu kilo 3,000. Kwenye nyuzi 15 zinabaki kama 970, na kwenye nyuzi 30 ni 450. Ndiyo maana ukishaivusha pale chini inakwenda yenyewe.

Najua unachofikiria sasa: kununua jeki ya tani 5. Usifanye hivyo. Hizo kilo 3,000 zitapita kwenye bolti na kwenye mishono yako ya kuchomelea, na jeki kubwa itavunja kile ambacho ndogo ilishindwa kukisogeza. Chomelea vizuizi ili mikono isishuke chini ya nyuzi 15. Meza itakaa juu kidogo ikiwa imeshushwa, basi refusha ubao wa kupandishia. Na ukiwa hapo, kagua bolti za maungio: ziwe na alama 8.8 kichwani, ambayo ni daraja la uimara wa bolti, na sehemu inayobeba mzigo iwe ile laini, si yenye nyuzi za parafujo.

Jeki ya chupa nimeilaza chini ya meza, napampu tu haisukumi.

Jeki nyingi za chupa zimeundwa kufanya kazi zikiwa wima. Ukiilaza, pampu inavuta hewa badala ya mafuta.

Mafuta ya jeki yamepungua, naweza kuongeza ya breki?

Hapana! Yanaharibu sili, na sili ndiyo tumeizungumzia hapo juu.

Stendi ya pembeni haitoshi pikipiki ikiwa juu ya meza?

Haitoshi hata kwa kubadilisha plagi. Gurudumu la mbele liingie kwenye kibano, kisha mikanda miwili ishuke kutoka kwenye daraja la chini la foku (kipande kinachoshika miguu miwili ya mbele ya pikipiki pamoja, chini ya usukani), mmoja kila upande, ikazwe mpaka shokapu za mbele zizame kiasi. Usifunge kwenye ncha za usukani, unageuka na mkanda unalegea. Ongeza mikanda miwili nyuma. Na kabla ya kulegeza ekseli yoyote, jiulize uzito utahamia wapi gurudumu likitoka. Ukitoa la nyuma bila kuegemeza fremu, mkia unadondoka.

Mbao zinafaa?

Kwa meza isiyopanda wala kushuka, zinafaa sana. Kwa mikono na maungio ya meza inayopanda, tumia chuma.

Nitajuaje kama kazi yangu ya kuchomelea ni salama?

Usiijaribu kwa pikipiki. Panga mifuko ya mchanga yenye uzito mara moja na nusu ya pikipiki yako, inua mpaka kituo cha juu, kaza pini, legeza jeki, uondoke mpaka kesho yake. Ukirudi, pima kimo cha pembe zote nne, kisha pitia kila mshono kwa tochi ukiimulika kwa ubavu ili ufa utoe kivuli. Fanya haya yote chuma kikiwa bado hakijapakwa rangi. Wengi hupaka rangi siku ileile wanapomaliza kuchomelea, na rangi mbichi hufunika ufa mwembamba vizuri kabisa.