Fedha za Msimu, Mishahara ya Kila Mwezi

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama mtu aliyetengeneza mchezo wa kompyuta peke yake, ukauzwa vizuri, anapaswa sasa kuajiri timu. Mimi ni mhasibu hapa Kampala, wala sijawahi kutengeneza mchezo wowote. Ninajibu kutoka kwenye daftari la hesabu.

Mchezo unaouzwa mtandaoni kwa kawaida huingiza sehemu kubwa ya fedha zake katika wiki za mwanzo, kisha mauzo hushuka, yakipanda tena tu bei inapopunguzwa au toleo jipya linapotoka. Hapo duka la Steam limekwisha kukata asilimia 30 yake. Mshahara, kwa upande wake, haujui masika wala kiangazi. Tangu sheria ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, iliporekebishwa mwaka 2022, mwajiri wa Uganda, hata awe na mfanyakazi mmoja tu, hukata asilimia 5 ya mshahara, huongeza asilimia 10 kutoka mfukoni mwake, na kuiwasilisha michango hiyo, sawa na PAYE, yaani kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara, kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Mteja wangu mmoja aliajiri watu watano kwa fedha za miezi mitatu ya kwanza. Mwezi wa kumi alikuja kuniuliza atawalipaje wanne kati yao haki zao za kuondoka, ilhali mchezo wa pili haujafika nusu.

Hata hivyo, upweke nao una bei yake. Eric Barone alitumia takriban miaka minne na nusu kutengeneza mchezo wa Stardew Valley, akichora, akiandika programu na kutunga muziki mwenyewe, hadi ulipotoka Februari 2016. Kufikia mwisho wa 2024 ulikuwa umeuza nakala zaidi ya milioni 40. Sehemu ya kucheza watu wengi pamoja, iliyotoka 2018, aliipata kwa msaada wa kiufundi wa Chucklefish, waliokuwa wachapishaji wake. Lakini mchezo wake mwingine, Haunted Chocolatier, aliotangaza Oktoba 2021, aliuweka kando ili akamilishe toleo la 1.6 la ule wa zamani, lililotoka Machi 2024. Watu husema sana juu ya uchovu wa mtu mmoja. Mimi naona hasara kubwa zaidi ni mchezo wa zamani kuula muda wa mpya.

Kwa hiyo mtu wa swali lenu aajiri, ila asianze na mchoraji wala mwandishi, kwa sababu mkono wake mwenyewe ndio wanunuzi walioulipia. Aanze na mtu mmoja wa kurekebisha hitilafu za mchezo wa zamani na kuwajibu wachezaji, kwa mkataba wa mwaka mmoja, na mshahara wa mwaka huo wote uwe umekwisha kutengwa benki kabla ya kutia saini. Tafsiri, na kuuhamishia mchezo kwenye simu, ni kazi zenye mwisho. Hizo alipie kila moja kwa mapatano yake.

Yule mteja wangu amebaki na mfanyakazi mmoja, binti anayeshughulikia hitilafu, nami kila tarehe 10 humpigia simu kumkumbusha NSSF.