Meli ya wahamiaji ikiharibika ugenini, mzigo ulimwangukia nani?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasomea usafirishaji wa baharini hapa Dar es Salaam. Tumefundishwa kwamba karne ya 19 meli za matanga zilizojaa wahamiaji ziliweza kuharibika njiani na kukimbilia bandari ya nchi nyingine. Naomba kujua utaratibu wenyewe: nahodha alianzia wapi, abiria walilishwa na nani, na gharama ilimwangukia nani? Je, abiria aliweza kukataa kuendelea na meli ileile?

JIBU: Marahaba. Nimekuwa wakala wa meli kwa miaka mingi, na swali lako ni lilelile tunaloulizana bandarini mpaka leo meli ikiingia ikiwa mbovu: bendera yake ya wapi, yaani imesajiliwa nchi gani? Bendera ndiyo iliyoonyesha mlango wa kubisha. Nahodha wa meli ya Kiingereza alikwenda kwa balozi mdogo wa Uingereza aliyekaa bandari ile. Wenyeji wa nchi walikuwa na neno lao pia, hasa daktari wa bandari, maana yeye ndiye aliyeamua kama watu washuke au wabaki majini.

Chukua meli iitwayo Piako, ya kampuni ya New Zealand Shipping Company. Iliondoka Plymouth Oktoba 1878 na wahamiaji karibu 300 waendao New Zealand. Novemba ikashika moto katika Atlantiki, karibu na pwani ya Brazil. Kwa bahati meli nyingine ya matanga, Loch Doon, ikatokea, ikatosa sehemu ya shehena yake baharini ili kuwapatia watu nafasi, ikawapeleka Pernambuco, bandari ya Brazil. Nahodha Boyd na mabaharia wake wakabaki na Piako, wakaifikisha bandarini ikiwa bado inaungua, na huko ikazamishwa makusudi ili moto ufe. Mjini kulikuwa na ndui, kwa hiyo wahamiaji wakawekwa kisiwani, mbali na mji. Fikiria familia zilizotoka kuukimbia moto, sasa zinahifadhiwa zisikutane na ndui. Piako ikaelea tena, ikatengenezwa, na Machi 1879 ikafika Lyttelton, bandari ya New Zealand, na wahamiaji wake.

Sheria iliyotawala ni ile ya Uingereza ya abiria wa meli, ya mwaka 1855, na hapa naomba usome taratibu. Abiria wakijikuta kwenye bandari isiyo yao bila kosa lao, balozi mdogo alikuwa na uwezo wa kuwasafirisha hadi walikokuwa wakienda. Lakini nahodha alipewa nafasi kwanza: ndani ya saa 48 aandike ahadi kwamba atawafikisha mwenyewe, na awe amewasafirisha ndani ya wiki 6. Asipoandika, au akiandika asitimize, balozi aliwatafutia meli na kuwalisha, na kila senti aliyotumia ikageuka deni ambalo mwenye meli, aliyeikodi meli na nahodha walidaiwa na Malkia. Cheti cha balozi kilitosha kuwa ushahidi wa gharama. Kikomo kilikuwa mara mbili ya nauli zote za safari. Na kabla meli haijang'oa nanga Uingereza, nahodha pamoja na mwenye meli au aliyeikodi walikuwa wameshatia saini dhamana ya paundi 2,000. Mimi naona nguvu yote ya sheria ile ilikuwa kwenye deni hilo. Balozi hakuhitaji kumbembeleza mtu. Mwenye meli aliyejua kwamba balozi atakodi meli kwa bei yoyote kisha amtumie hesabu, alifanya haraka kuliko aliyeachiwa huruma yake.

Meli yenyewe ilikuwa na njia yake. Nahodha alitoa tamko la kiapo mbele ya balozi kueleza yaliyompata. Tamko hilo tunaliandika hata leo. Kisha wakateuliwa wakaguzi, mara nyingi manahodha wa meli nyingine zilizopo bandarini pamoja na fundi seremala, waseme kama inatengenezeka au iuzwe kwa mnada. Kama fedha hazikuwepo, nahodha aliweza kukopa kwa kuiweka rehani meli: ikifika salama mkopeshaji alipwe pamoja na riba nzito, ikizama apoteze. Mikopo ya namna hiyo ikiwa miwili, wa mwisho kukopesha ndiye aliyelipwa kwanza, kwa kuwa fedha yake ndiyo iliyoiwezesha meli kumaliza safari.

Sasa swali lako la mwisho. Sheria ya 1855 ilimpa abiria safari, haikumpa fedha: aliyesafirishwa na balozi hakuweza kudai tena arudishiwe nauli. Kukataa kunaonekana vizuri zaidi kwa Waitalia wa meli iliyoitwa India, walioondoka Barcelona mwaka 1880 wakifuata ahadi za Marquis de Rays, Mfaransa aliyewauzia koloni la kubuni Pasifiki. Serikali ya Ufaransa ilikuwa imeupinga msafara huo. Njaa na maradhi viliwaua wengi huko Port Breton, mahali pa koloni hilo, na mwaka 1881 India ikafika Nouméa, bandari ya Wafaransa huko New Caledonia, ikakaguliwa na kuonekana haifai tena kusafiri. Wafaransa walikuwa tayari kuwaacha Waitalia wabaki New Caledonia, lakini Waitalia wakakataa, wakapeleka ombi kwa balozi mdogo wa Uingereza waruhusiwe kwenda Australia. Hakuwa balozi wao, wala sheria ya abiria haikuwahusu, ila serikali ya Waziri Mkuu Henry Parkes huko New South Wales, koloni la Uingereza nchini Australia, ikakubali kuwapokea. Watu 217 wakashuka Sydney kutoka meli iitwayo James Patterson mwezi Aprili, wakapewa malazi na chakula cha serikali, kisha wakatawanywa kwenye ajira. Mwaka uliofuata baadhi yao wakaanza kukusanyika tena kaskazini mwa koloni hilo, wakafyeka msitu na kujenga makazi waliyoyaita New Italy.