Maofisa wa Uhamiaji Wakipiga Hodi Alfajiri

Barua tatu za mwezi huu zimetoka kwa wasomaji wetu walioko Marekani, na zote zinahusu jambo moja: maofisa wa uhamiaji wanaofika nyumbani bila taarifa ili kuchunguza kama ndoa iliyoombewa makaratasi ni ndoa ya kweli. Tumezifupisha na kuondoa majina.

Swali: Ndugu Mshauri, mimi ni Mtanzania ninayeishi Columbus, Ohio. Mke wangu ni raia wa Marekani, naye ndiye aliyeniombea kadi ya kijani. Tulikwisha kuhojiwa pamoja mara moja na hatukuambiwa neno baya. Mke wangu ni muuguzi wa zamu za usiku, na wiki yenye zamu tatu mfululizo hulala kwa mama yake, ambaye nyumba yake iko karibu na hospitali. Jumanne moja, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, walifika maofisa wawili, mwanamume na mwanamke. Nilikuwa bafuni. Aliyefungua mlango ni binamu yangu, aliyetoka Kigoma miezi minne iliyopita na anayelala sebuleni kwetu. Aliwaambia karibuni. Walipomwuliza mke wangu yuko wapi, alitaka kueleza kwamba usiku ule hakulala nyumbani, lakini kwa Kiingereza chake cha kuokoteza akasema hakai hapa. Nilipotoka, taulo begani, ofisa wa kike alikuwa ameshayaandika. Walitazama kabati la nguo, wakapiga picha miswaki (ilikuwa mitatu, mmoja wa binamu), kisha wakaniuliza mke wangu hulala upande gani wa kitanda, nami kwa hofu nikataja upande usio wake. Waliacha kadi yao wakaondoka. Je, walikuwa na haki ya kuingia? Na sasa nifanye nini? Mke wangu anataka kuzihamisha nguo zake zote kutoka kwa mama yake, na rafiki yetu anatushauri tutengeneze albamu ya picha za pamoja.

Jibu: Ndugu yangu, swali lako la kwanza limejibiwa na neno moja alilolitamka binamu yako. Kwetu mtu akipiga hodi huitikiwa karibu kabla hata hajajulikana ni nani, na asiyeitikia huonekana hana adabu. Katika sheria ya Marekani, neno hilo hilo ni ruhusa. Marekebisho ya Nne ya Katiba ya nchi hiyo yanamzuia ofisa wa serikali kuingia ndani ya makazi ya mtu bila hati iliyotiwa saini na jaji, isipokuwa pawepo dharura au mwenyeji mwenyewe aridhie. Na aliyeridhia anaweza kuwa mtu mzima yeyote anayeishi humo, hata yule wa godoro la sebuleni. Kwa hiyo waliingia kihalali, na sikushauri upoteze nguvu kwenye hoja hiyo.

Wageni wako wa asubuhi ile, kwa namna ulivyowaeleza, ni watu wa kitengo cha kugundua udanganyifu kilichomo ndani ya Idara ya Uraia na Huduma za Uhamiaji, yaani USCIS, kitengo ambacho kilianzishwa mwaka 2004. Kazi yao ni kulinganisha kilichoandikwa katika jalada na kilichomo nyumbani, na kwa kawaida huja bila hati yoyote ya jaji, wakitegemea ridhaa ya mwenye nyumba. Si watu wale wale wa idara ya ukamataji, ICE, ingawa tofauti hiyo imepungua tangu mwaka 2025, USCIS ilipotangaza kuajiri askari wapelelezi wake yenyewe wenye mamlaka ya kukamata. Ndiyo sababu ni vyema mlango usifunguliwe kabla ya kuuliza, ukiwa umefungwa vilevile, ni nani na wanatoka idara gani, na kama wana hati, waionyeshe dirishani au waipitishe chini ya mlango. Hati ya kweli ya upekuzi huwa na jina la mahakama, saini ya jaji na anwani yenu. Karatasi iliyotiwa saini na ofisa wa uhamiaji peke yake, kwa msimamo wa mahakama wa miaka mingi, haitoshi kumwingiza mtu ndani msipomridhia. Mtu anayedai fedha mlangoni ili faili lenu lisonge mbele ni tapeli, hata akiwa na beji inayong'aa.

Je, wangekataliwa? Hapa mawakili hawana kauli moja, nami nitasema ninavyoona. Kukataa si kosa, na mtu hawezi kuadhibiwa kwa sababu tu ameitumia haki yake. Lakini mzigo wa kuthibitisha ndoa uko juu yenu waombaji, na ofisa aliyerudishwa mlangoni ataandika kwamba amerudishwa mlangoni. Wanandoa wa kweli wakiwa wote wawili nyumbani, na humo ndani hakuna mwenye tatizo la makaratasi, sioni hasara kubwa kuwakaribisha sebuleni na kujibu maswali machache, huku mkijua kwamba ruhusa ya sebule si ruhusa ya chumba cha kulala, na kwamba mnaweza kuikatisha wakati wowote. Lakini akiwepo mgeni peke yake, au mmoja wenu akiwa ana amri ya zamani ya kuondolewa nchini, mlango ubaki umefungwa na jibu liwe fupi: wenyewe hawapo, tafadhali acheni kadi, wakili wao atawapigia simu. Binamu yako angefundishwa sentensi hiyo siku aliyofika, pamoja na namna ya kuwasha jiko, msingekuwa na taabu hii.

Sasa turudi kwenye maneno yake, kwa sababu hapo ndipo penye hatari. Sisi tuna kitenzi kimoja, kukaa, kinachobeba mambo mengi: kuketi kitini, kushinda mahali kwa muda, na kuwa na makazi. Mtu akisema jana hakukaa hapa, Mswahili mwenzake anaelewa kwamba hakuwepo jana. Ofisa alisikia kwamba mwanamke huyo haishi katika nyumba ile, na katika taarifa yake itasomeka kwamba mkazi wa nyumba amekiri mke haishi na mume. Kosa hilo linarekebishika, ila lirekebishwe kwa maandishi na mapema. Leo hii, kabla hujamaliza kusoma gazeti, wewe na binamu yako kila mmoja aandike peke yake anachokikumbuka: saa, maofisa walivyojitambulisha, swali gani liliulizwa na lilijibiwa kwa maneno gani. Msikae pamoja kuandika, maana kumbukumbu mbili zinazofanana neno kwa neno hutia shaka. Kisha mpelekeeni wakili wa uhamiaji aliyesajiliwa kuwawakilisha katika jalada hili. Binamu atoe hati ya kiapo kwa Kiswahili, iambatane na tafsiri iliyothibitishwa, akieleza alichotaka kusema na kwa nini kilitoka vile. Hospitali itoe ratiba ya zamu za mke wako kwa miezi ile. Na mama mkwe wako aandike barua akieleza ni siku zipi binti yake hulala kwake.

Kanuni za idara hiyo zinawataka maofisa, wakitaka kulikataa ombi kwa sababu ya habari ambayo mwombaji haijui, wamweleze habari hiyo na kumpa nafasi ya kuijibu. Kwa kawaida hufanya hivyo kwa barua ya kusudio la kukataa, yenye muda usiozidi siku 30. Wapo watakaokushauri uisubiri barua hiyo. Mimi nisingesubiri, kwa kuwa siku 30 ni chache mno kwa kutafuta ratiba za hospitali, na ufafanuzi uliotolewa kabla ya kuulizwa una uzito kuliko utetezi.

Kuhusu nguo, mwambie mke wako aziache zilipo. Maofisa wakienda kwa mama mkwe wako, na wanaweza kwenda, watakuta sare mbili tatu za kazi na malapa ya muuguzi anayelala pale siku za zamu, jambo linalokubaliana na maelezo yenu. Wakikuta kabati tupu lililofagiliwa wiki iliyopita, wakati majirani wanamwona akiingia na kutoka, mtakuwa mmeitia doa ndoa isiyo na doa. Albamu ndiyo usiiguse kabisa. Picha mlizopiga kweli zitoeni kama zilivyo, hata ile ya harusini ambayo mjomba amefumba macho. Lakini kuvaa nguo tofauti mchana mmoja ili ionekane ni miezi sita ni kutengeneza ushahidi wa uongo. Adhabu ya ndoa ya makaratasi ni kifungo kisichozidi miaka 5 na faini inayoweza kufika dola 250,000, na zaidi ya hapo kuna kifungu cha sheria kinachomfungia mlango kabisa mhamiaji: akishaonekana kuwa aliingia katika ndoa ya uongo ili apate makaratasi, hakuna ombi la familia wala la mwajiri litakalokubaliwa kwa ajili yake baadaye, hata akioa tena kwa moyo safi na kuzaa watoto watano.

Swali la upande wa kitanda lisikunyime usingizi. Kinachotafutwa na sheria ni kusudi mlilokuwa nalo siku mlipofunga ndoa, yaani kama mlikusudia kujenga maisha pamoja. Msimamo huo umo katika uamuzi wa Bodi ya Rufaa za Uhamiaji wa mwaka 1983 katika shauri la Laureano. Kabla ya hapo, mwaka 1975, mahakama ya rufaa ya huko magharibi, katika shauri la Bark, ilikataa hoja kwamba wanandoa wakitengana kwa muda basi ndoa yao ilikuwa ya uongo tangu mwanzo. Muuguzi anayelala kwa mama yake siku tatu hajatengana na mumewe hata kidogo. Mkiitwa tena mkahojiwa kila mtu chumba chake, jambo ambalo huenda likatokea, jibuni mnachokijua, na msichokijua semeni hamkijui; waume wengi wa kweli hawajui rangi ya mapazia yao wenyewe.

Swali: Shikamoo Mshauri. Mimi ni mwenyeji wa Mombasa, naishi Minneapolis na mume wangu, raia wa huku, ambaye ni dereva wa lori la masafa marefu na huweza kukaa njiani wiki tatu. Nina kadi ya kijani ya miaka miwili. Mwezi uliopita walikuja wanaume wawili wakajitambulisha kuwa ni watu wa uhamiaji. Nilikuwa peke yangu, bila mtandio, nikawaambia kwa ndani kwamba siwezi kuwafungulia. Waliondoka kwa upole. Je, nimeharibu? Tulihama nyumba mwezi Machi, lakini barua zote bado zinakwenda anwani ya zamani.

Jibu: Marahaba, dada yangu. Hukuharibu kitu. Mwanamke aliye peke yake hana wajibu wa kuwafungulia wanaume asiowajua, na sababu hiyo wakili wako anaweza kuiandika waziwazi katika barua, akiomba wakija tena awepo ofisa wa kike, au mwitwe ofisini mume wako akiwa amerudi. Hawalazimiki kukubali, ila barua hiyo itakaa katika jalada kama ushahidi kwamba hukujificha. Wakija siku ambayo mmewaridhia, una haki ya kuwasubirisha nje mpaka uvae buibui lako. Safari za mumeo si siri wala aibu: madereva wa malori ya masafa marefu huku hurekodiwa saa zao za kuendesha kwa chombo cha kielektroniki, na nakala ya rekodi hiyo itaonyesha alikokuwa siku ile kuliko maelezo yoyote utakayoyatoa wewe.

Kinachonitia hofu katika barua yako ni ile anwani. Mgeni anatakiwa kuiarifu idara ndani ya siku 10 tangu ahame, na mume wako, aliyetia saini ya udhamini, ana siku 30 za kuarifu kuhusu anwani yake mwenyewe kwa fomu nyingine. Fanyeni hivyo wiki hii, ingawa mmechelewa. Maofisa wakienda kwenye nyumba ya zamani na kuambiwa na mpangaji mpya kwamba hawajui, wataandika kwamba hamjulikani pale. Tazama pia tarehe iliyo kwenye kadi yako, kwa sababu kadi ya miaka miwili ni ya ukaazi wenye masharti, na ombi la kuondolewa masharti hayo hupelekwa na wote wawili ndani ya siku 90 za mwisho kabla haijaisha, na usipolipeleka unapoteza ukaazi, hata kama ndoa yako ni ya kupigiwa mfano.

Swali: Ninaishi Houston. Ofisa wa uhamiaji alinisimamisha kwenye ngazi za ghorofa letu akaniuliza kama jirani yangu Mkongo anaishi na mke wake. Nawapenda sana, nikasema wanakula pamoja kila jioni na huwasikia wakiimba, ingawa kwa kweli huwaona Jumapili tu. Nimefanya kosa?

Jibu: Umeongeza chumvi, mzee wangu, na chumvi hiyo inaweza kuwadhuru hao unaowapenda. Hukulazimika kumjibu ofisa yule hata neno moja. Lakini ukishaamua kujibu, kumwambia ofisa wa serikali kuu uongo kwa makusudi katika jambo la uchunguzi ni kosa lenye kifungo kinachoweza kufika miaka 5. Sidhani kama mtu atakushitaki kwa habari ya nyimbo. Tatizo ni kwamba mume akiulizwa atasema kwa ukweli wake kwamba hula saa nne usiku akitoka kazini, na maneno yako yatasimama kinyume na yake. Wasiliana na wakili kabla hujampigia ofisa mwenyewe kusahihisha. Kuwaona Jumapili, wakiteremka ngazi na mtoto na mfuko wa nguo za kufua, kulitosha kabisa. Mwambie pia jirani yako kwamba uliulizwa, umtajie siku, saa na maneno uliyoyasema, ili wakili wake asiyasikie kwa mara ya kwanza katika chumba cha mahojiano.