Vidoa Vikipotea, Samaki Bado Hajapona

Nimefuga samaki wa baharini nyumbani kwangu Raskazone, Tanga, kwa miaka tisa, na kosa lililoniulia samaki wengi kuliko yote ni kumwona samaki ametakata nikadhani amepona.

Nilinunua samaki mmoja aitwaye kangaja nikamtia moja kwa moja katika tangi la lita 240 pamoja na wenzake. Siku ya nne mapezi yake yalikuwa na vidoa vyeupe mfano wa chembe za chumvi, naye akawa anajisugua kwenye mawe. Siku ya nane vidoa vilikuwa vimetoweka, anakula vizuri, nami nikamshukuru Mungu. Wiki mbili baadaye vilirudi, safari hii kwa samaki wote, na kati ya saba wakabaki wawili.

Kimelea kinacholeta ugonjwa huo, Cryptocaryon irritans, hukaa katika ngozi na matamvua ya samaki kwa siku 3 hadi 7, kisha hujibandua chenyewe, hasa wakati wa giza, na kujifungia ndani ya ganda juu ya mchanga au mawe. Humo hugawanyika, na ganda moja linaweza kutoa vimelea vichanga zaidi ya mia vinavyoogelea kutafuta samaki. Kwa hiyo vidoa vinapopotea, mara nyingi ndipo ugonjwa unapozaliana.

Ndiyo maana sasa naangalia pumzi kwanza, kwa kuwa matamvua hushambuliwa mapema, pengine kabla jicho halijaona kidoa chochote mwilini. Kila asubuhi, kabla ya kulisha, huhesabu mara ambazo kifuniko cha tamvua hufunguka kwa dakika moja samaki akiwa ametulia, kisha huandika hesabu hiyo daftarini. Usimlinganishe kitatange, kwa mfano, na samaki wa aina nyingine. Mlinganishe na yeye mwenyewe wa wiki iliyopita. Akipumua haraka kuliko kawaida yake na kujitenga karibu na bomba la maji, zima taa, ummulike kwa tochi kutoka ubavuni. Ukiona vumbi laini la rangi ya dhahabu badala ya chembe zinazohesabika, huenda ni Amyloodinium, kimelea kingine ambacho huua kwa siku chache tu, na hapo hakuna nafasi ya kungoja kesho.

Samaki wote wakihema kwa wakati mmoja, shuku maji kabla ya kushuku kimelea. Pima amonia na nitriti, ambazo hazitakiwi kuonekana kabisa, kisha pima joto, kwa sababu maji yakipata joto hushika oksijeni kidogo, na hapa kwetu miezi ya kaskazi hulipandisha tangi hadi nyuzi 30 bila taabu. Wanaochota maji ya bahari wajihadhari pia wakati wa masika, kwani Mto Sigi huingiza maji mengi ya mvua na udongo. Mimi huchota maji yakijaa, mbali na mlango wa mto, na siyatumii kipimo cha chumvi kisipofika karibu na 1.025.

Samaki mgeni, hata awe mzuri namna gani, hukaa katika tangi la karantini kwa wiki nne hadi sita. Ugonjwa ukishaingia tangi kubwa, wahamishe samaki wote, kisha liache tangi hilo bila samaki kwa siku 76, kwa kuwa baadhi ya maganda huchelewa sana kupasuka. Dawa ya shaba hutumika katika tangi la matibabu peke yake, kwa kipimo kinacholingana na aina ya dawa uliyonunua na kukaguliwa kila siku, kwa sababu ikipungua kimelea husalimika na ikizidi samaki huumia. Huua pia matumbawe, kamba na konokono, nayo hunywewa na mawe na mchanga; hivyo mawe yaliyowahi kuwekwa katika tangi la dawa yasirudishwe tena katika tangi kubwa.