Mgeni asiyeandika msimbo naye apewe kazi

Kwenye mikutano mingi ya watu wa teknolojia, mgeni hupokewa kwa swali moja: "Unaprogramu kwa lugha gani?" Mimi ni mtafsiri na mwandishi wa miongozo ya programu huria, yaani zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzisoma na kuzibadilisha. Nikijibu kwamba siandiki msimbo, yaani maagizo yanayoiendesha kompyuta, mara nyingi muulizaji hutabasamu, kisha humgeukia mwenzake. Hana nia mbaya, lakini swali lake limeshamweka mgeni pembeni kabla hajavuta kiti. Mimi siku hizi huuliza, "Nini kimekuleta?" Hilo kila mtu ana la kujibu.

Kwa mwanamke jambo hili huwa zito zaidi. Hata akiwa mwandaaji programu hodari, hudhaniwa ni wa mapokezi au kamsindikiza mtu. Inaniuma, maana programu za ENIAC, kompyuta iliyozinduliwa mwaka 1946, ziliandaliwa na wanawake sita, akiwemo Kay McNulty na Betty Snyder.

Wengi husema, "Mlango uko wazi, wao ndio hawaji." Mwaka 2006 GNOME, mradi mmoja wa programu huria, ulipata karibu maombi 200 ya Google Summer of Code, mpango wa Google wa kuwalipa wanafunzi wachangie programu huria, na hata moja halikutoka kwa mwanamke. Ulipotangaza nafasi mahususi kwa wanawake, yakaja takriban 100. Kumbe walikuwepo, ila hawakuwa wameitwa. Juhudi hiyo ndiyo iliyokuja kuzaa Outreachy, mpango wa mafunzo kazini yenye malipo katika programu huria, ambao hutoa nafasi hata za usanifu na uandishi wa miongozo.

Kumwita mtu ni kumpa kazi inayoeleweka. "Karibu uchangie" haimwambii aanzie wapi. Niliwahi kumwomba dada mmoja mhasibu asakinishe programu yetu kwa kufuata mwongozo, nami nimekaa kando, kimya. Hatua ya pili ilisema "fungua terminali", yaani dirisha la kuandikia kompyuta amri, bila kueleza ni nini wala liko wapi. Akapekua menyu yote, akanitazama, akaanza upya. Waandaaji programu waliousoma mwongozo ule kabla yake hawakuona kasoro yoyote. Kasoro hiyo tuliiandika kwenye orodha ya hitilafu kwa jina lake, na toleo lililofuata likamtaja pamoja na wachangiaji wengine, katika orodha ileile ya walioandika msimbo. Hapo nasisitiza sana: watafsiri, wasanifu na waandaaji wa mikutano wasitupwe chini kabisa kwenye "shukrani".

Kanuni za maadili ziwepo, na zionyeshe malalamiko yapelekwe kwa nani. Bila hivyo ni karatasi tu. Mtu akiuliza jambo dogo, asijibiwe "Hata hilo hujui?" Na mikutano yote isiwe ya usiku, mwenye mtoto mchanga naye anataka kuhudhuria.

Halafu kuna hili la muhtasari. Mwanamke akishajiunga, ghafla yeye ndiye anayeandika kumbukumbu za kikao, anayepanga viti, anayewakumbusha watu tarehe. Ni kazi muhimu, lakini akilundikiwa yeye peke yake hapati nafasi ya kujifunza kilichomleta. Wekeni zamu, na kiongozi wa mradi ashike ya kwanza.